Herufi Kubwa M: Mhadhara juu ya Chapa za Mwandiko wa Mkono na Kadi za Mlimani



Nilipoombwa kunena mbele ya hadhara hii juu ya sanaa ya maandishi, walioniomba walitaraji, nadhani, kwamba nitaleta habari za vitabu na watungaji wake. Lakini mtu aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake akipanga herufi za risasi katika kiwanda cha chapa, kisha uzee ukamkuta ameketi mbele ya kioo cha kompyuta, huutazama ukurasa kwa namna ya peke yake, yaani huliona kwanza umbo la herufi, na baadaye tu, akipata nafasi, hulisoma neno. Kwa hiyo nataka radhi mapema. Nitanena habari za kadi: kadi za harusi, za sendofu, za kipaimara na za komunio ya kwanza, na hasa habari za aina moja ya herufi zinazopigwa juu ya kadi hizo, zile zilizolala upande, zilizoshikana mikono, zenye mikia na vitanzi, ambazo machoni mwa mtazamaji hujifanya zimeandikwa na mtu mwenye kalamu, ilhali hapakuwa na mtu wala kalamu.

Desemba moja, katika siku zile ambazo njia ya kutoka Dar es Salaam hufurika magari ya watu wanaorudi Mlimani, yaani Kilimanjaro, nilikuwa nimeketi kibarazani kwa mzee mmoja wa Kibosho, jamaa yangu kwa upande wa mama, akaja kijana na kadi ya mwaliko. Kadi ilikuwa nzuri kwelikweli: karatasi nene yenye rangi ya maziwa, utepe mwembamba wa dhahabu, na jina la familia limekaa katikati kwa herufi za madaha kama msafara wa maharusi. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasogea hadi penye mwanga, akaisoma kimya kwa muda ambao ulitutia wasiwasi, kisha akauliza: "Hawa akina Farimo ni watu wa wapi? Ni wa pwani?" Kijana akajibu kwa adabu, macho chini: "Hapana, Meku. Ni Tarimo. Ni sisi, majirani zako wa hapo chini ya mfereji."

Mimi nilicheka. Mzee hakucheka. Aliiweka kadi mezani, akasema kwamba mtu akija kumwita nyumbani kwake hutaja jina lake kabla ya kuvuka ua, na kwamba asiyelitaja sawasawa huachwa amesimama nje. Nimeyafikiri maneno hayo miaka mingi, na mhadhara huu wote, kwa hakika, ni jaribio la kuyajibu.

Kwa nini T ikasomwa F? Si kosa la macho ya mzee. Katika mwandiko ambao herufi hizo zimeuiga, yaani mwandiko wa duara wa Kiingereza wa karne ya 17 na ya 18, herufi kubwa T na herufi kubwa F ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili zina shina linaloshuka kwa mpindo, zote zina wimbi juu kama kilemba, na kinachozitenga ni kistari kimoja kidogo kiunoni mwa F. Msomaji wa Kiingereza aliyekulia katika mwandiko huo hakuhitaji msaada, kwa sababu neno lenyewe lilimwambia herufi. Alijua kwamba kuna neno hili na hakuna neno lile. Lakini jina la ukoo si neno la kubahatisha. Jina halina maana ya kulisaidia lisomeke. Lina herufi zake tu, na zikipotea hizo, limepotea lote.

Yafaa basi tuseme herufi hizi zimetoka wapi. Katika jambo hili kuna kalamu mbili, na mwenye kuzichanganya hatauelewa mwandiko wowote wa dunia. Ya kwanza ni kalamu yenye ncha pana iliyokatwa mshazari, kama ile ya mwanzi waliyoichonga wanafunzi wa chuoni katika mwambao wetu. Unene wa mstari wake hautokani na nguvu za mkono bali na pembe ya ncha, ukivuta huku mstari mnene, ukivuta kule mwembamba. Ya pili ni kalamu yenye ncha kali iliyopasuliwa katikati. Ukiibana inaposhuka, ncha hufunguka na wino hupita kwa wingi, ukiilegeza inapopanda, hubaki uzi. Mwandiko wa duara ni mtoto wa kalamu hii ya pili. Walimu wa hati wa London, mmojawapo akiitwa Charles Snell, waliusanifu na kuufundisha kwa makarani wa biashara, na kati ya mwaka 1733 na 1741 mchongaji mmoja, George Bickham, akatoa kidogo kidogo kitabu chake *The Universal Penman* chenye mabamba 212 ya kazi za walimu 25, yote ameyachonga kwa mkono wake juu ya shaba.

Hapo pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Chombo cha mchongaji hukata uzi mwembamba kuliko uwezavyo kuandika kwa kalamu yoyote, kwa hiyo Bickham, katika kuiga kalamu, aliishinda. Kisha wanafunzi wa Uingereza na makoloni yake wakawekewa mifano ya shaba wapate kuiiga kwa kalamu, wakawa wanaiga kwa kalamu kitu kilichoiga kalamu. Na sisi leo tunapoichagua fonti ya namna hii katika kompyuta, tunaiga kwa mashine shaba iliyoiga kalamu. Mkono tunaoudhani upo, umekwisha kuondoka mara tatu.

Pwani mambo yalikuwa mengine, na sipendi nipite bila kuyataja, maana sisi wa bara tumezoea kudhani kwamba herufi zilizoungana ni anasa iliyokuja na meli za Ulaya. Kwa mwenye kuandika hati za Kiarabu kuungana si pambo. Ndiyo tabia ya herufi zenyewe, na herufi iliyosimama peke yake pasipo sababu ni kosa. Mpwani aliyeandika Kiswahili kwa hati hizo muda mrefu kabla hatujaona kitabu huku Mlimani, hakujua tofauti kati ya mwandiko wa kuunga na mwandiko wa kutenga. Alijua hati njema na hati mbaya. Na mwenye hati njema alikuwa mtu wa kutafutwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki katika miaka ya 1940, alichonga milango, akapiga ala, akanakili tenzi kwa mkono ambao wataalamu wa Ulaya, William Hichens na Ernst Dammann miongoni mwao, waliulipia, na nakala zake zimehifadhiwa hadi leo London na Ujerumani. Mkono ule ule uliochonga mlango uliandika ukurasa, na mwenye macho huona kwamba mpindo wa ua la mlangoni na mpindo wa herufi ni mpindo mmoja. Mtu kama huyo hakuhitaji fonti. Yeye mwenyewe alikuwa fonti, ikiwa mtaniruhusu kusema hivyo, tena fonti iliyojua kusoma kile inachokiandika.

Nasi wa Mlimani? Kabla ya herufi za Kilatini tulikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama ambayo wazee waliishika wakiwafundisha vijana wa jando, alama moja na somo lake, na ambayo Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika mwaka 1902 na kukaa Old Moshi miaka mingi, aliandika habari zake katika kitabu chake kikubwa cha mafundisho ya Wachaga. Tulikuwa na isale pia, jani ambalo mpaka leo likiletwa mlangoni na mtu aliyekukosea, hulazimiki kuuliza limeandikwa nini. Sisemi kwamba hayo ni maandishi kama yalivyo maandishi. Nasema tu kwamba watu waliozoea kupokea ujumbe kwa umbo, umbo lililokatwa vizuri na kushikwa kwa heshima, hawakuwa wageni walipoletewa herufi.

Herufi zililetwa na misheni. Waanglikana walikuwa Moshi kwa Mangi Rindi tangu mwaka 1885. Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaja Kilema na Kibosho mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig mwaka 1893. Wajerumani hao, walipoandikiana wao kwa wao na walipowaandikia jamaa zao nyumbani, walitumia mwandiko wao uitwao Kurrent, wenye pembe kali kama miiba ya ua wa mchongoma, ambao hata Mjerumani wa leo hauwezi bila ya kufundishwa. Nautaja kwa sababu ya kitu kimoja kidogo kilichomo, nacho ni kistari cha mviringo walichokiweka juu ya herufi u, kama mwezi mwandamo uliopinduka, ili isidhaniwe kuwa n. Kistari hicho kikumbukeni; nitakirudia.

Baadaye, chini ya Waingereza, ukaja mwandiko wa duara wenyewe, uliokwisha kupunguzwa madaha na kutiwa adabu ya shule: kibao kwanza, kisha daftari la mistari minne, kisha kalamu ya nibu, kidau cha wino tunduni mwa dawati, na fimbo ya mwalimu kwa aliyedondosha tone. Mwandiko ulikuwa somo lenye alama zake, na mtoto aliyefeli hesabu huku akishinda mwandiko aliweza bado kuwa na tumaini la maisha, maana kazi ya karani ilikuwapo. Ilikuwapo hasa hapa. Wakulima wa kahawa walipounda chama chao mwaka 1925, na kilipozaliwa upya kama Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU mwaka 1933, Mlima mzima ulijaa vyama vya msingi, na kila chama kilikuwa na mizani, ghala, na karani mwenye kalamu. Baba yangu alikuwa karani wa namna hiyo.

Mtanivumilia niseme kidogo juu ya mwandiko wake. Stakabadhi ya kahawa iliandikwa mara mbili kwa mpigo mmoja, karatasi ya kaboni katikati, kwa hiyo hakuweza kuucheza ule mchezo wa kubana na kulegeza. Mkono wake ulikuwa na uzito ulio sawa kuanzia mwanzo wa jina hadi mwisho wake. Herufi zake ziliungana, maana alikuwa na foleni ya watu tangu alfajiri, lakini herufi kubwa hakuziunga na kitu. Kila moja ilisimama kama mtu aliyeingia na kuamkia. M yake ilianza kwa kikonyo kifupi upande wa kushoto, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, na mguu wake wa mwisho ukamalizika kwa mkia mdogo uliokwea juu. Wakulima wengi hawakujua kusoma. Kila mmoja, hata hivyo, alijua umbo la jina lake, na mama mmoja wa Uru aliwahi kumrudishia stakabadhi akisema, "Hii si yangu," bila ya kujua hata herufi moja. Naye alikuwa amesema kweli, maana baba alikuwa ameandika jina la aliyemtangulia.

Sasa nirudi katika kiwanda cha chapa, nilikoajiriwa mimi. Herufi ya chapa, kwa wale wasiopata kuishika, ilikuwa kipande cha madini, risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, chenye umbo la mstatili na herufi imetokeza juu kinyume. Mstatili ni adui wa mwandiko wa mkono. Mwandiko hulala, mstatili husimama. Mwandiko huunga, vipande hutengana. Mwandiko hutupa mkia wake chini ya jirani, kipande hakina mahali pa kuutupa. Aldus Manutius wa Venezia, mwaka 1501, alipata njia ya heshima: mchongaji wake Francesco Griffo alimfanyia hati mlazo, yenye kuinama kama mwandiko bila ya kuunga. Firmin Didot wa Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, akathubutu zaidi, akatengeneza vipande vilivyokatwa mshazari ili mwandiko wa duara uungane katika madini. Wengine wakaacha mkia utokeze nje ya kipande na kuning'inia hewani, na hizo ndizo tulizokuwa nazo sisi: sanduku moja tu, kwa kadi za harusi na za rambirambi, na kila mwaka mikia kadhaa ilivunjika. Mteja akitaka jina lenye f mbili, mpangaji alisali kwanza.

Mwaka 1953 Roger Excoffon, kwa kiwanda cha kusubu herufi cha Olive cha Marseille, akatoa Mistral, chapa aliyoifanya kwa kuuiga mwandiko wake yeye mwenyewe, mwandiko wa haraka, na akazipanga nyuzi za herufi kwa hesabu hata zikaungana katika risasi. Nikiulizwa, hiyo ndiyo kazi ya ustadi kuliko zote katika mambo haya, kwa kuwa haijidai kuwa na utukufu. Mwaka 1965 Matthew Carter akamfufua yule Snell kwa mashine za kupanga kwa picha, ambazo hazina mstatili wala risasi, na tangu hapo mkia ukapata uhuru wake. Edward Benguiat akatoa Edwardian Script mwaka 1994, na Hermann Zapf, Mjerumani aliyeandika kwa mkono vizuri kuliko watu wengi wa zama zake, akatoa Zapfino mwaka 1998, ambamo herufi moja ina maumbo kadhaa na kompyuta huchagua lipi lifae kando ya lipi. Hapo mashine ikakaribia jambo ambalo Kijuma alilifanya pasipo kulifikiri.

Chapa hizi zimetufikia zote, nyingine zimekuja ndani ya kompyuta yenyewe, nyingine zinapatikana bure, kama Great Vibes na Alex Brush, na vijana wetu wenye maduka ya kudizaini kadi hapa mjini, katika vichochoro vya kuelekea sokoni, huzipanga mbele ya mteja katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Siwadharau. Wanafanya kwa robo saa kazi tuliyoifanya kwa siku mbili, na wengi wana jicho zuri. Lakini nimewatazama wakichagua, na nimeona kwamba huichagua chapa kwa kulitazama jina la chapa yenyewe, lilivyoandikwa katika orodha. Great Vibes ni nzuri mno ikiandika Great Vibes! Ina G yenye shingo ndefu na V kama mabawa. Nani kati yetu anaoa mtu anayeitwa Great Vibes?

Chukueni daftari la mahudhurio la shule yoyote ya Mlimani, mtaona nasema nini. Massawe, Mushi, Mosha, Minja, Mallya, Mrema, Macha, Malisa, Mmari, Munisi, Mlay. Kisha chukueni ramani: Moshi, Machame, Masama, Mbokomu, Marangu, Mamba, Mwika, Mkuu, na juu ya yote Mawenzi. Sijui kama kuna mahali pengine katika Afrika Mashariki ambapo herufi moja imebeba mzigo mkubwa namna hii. Mwenye kudizaini kadi Moshi ambaye hajaitazama herufi kubwa M ya chapa yake kabla ya kitu kingine chochote, ni kama fundi aliyenunua mabati asijue nyumba ina ukubwa gani. Na M ndiyo herufi ambayo wachoraji wa chapa hizi huimaliza vibaya, kwa sababu ina miguu mingi, na kila mguu humtia mchoraji tamaa ya kitanzi. Nyingi huanza na wimbi refu upande wa kushoto. Kompyuta hulihesabu wimbi hilo kuwa sehemu ya jina, ikaliweka jina "katikati," na macho, yasiyohesabu mawimbi, huliona jina limesukumwa kulia. Dawa yake ni ndogo: sogeza kushoto kwa jicho, wala usiiamini kompyuta.

Baada ya M hufuata janga la pili, na hapa ndipo narudi kwenye kile kistari cha Wajerumani. Andikeni Munisi kwa mwandiko wa kuunga, mfumbe jicho moja. M, u, n, i: vijiti tisa vilivyosimama safu, kama ua wa boma, na nukta moja juu yake ambayo chapa za madaha huisogeza mbali kidogo kwa urembo. Wanakili wa Ulaya wa zama za kati waliteswa na jambo hili. Wajerumani waliitia u kofia. Na sisi, ambao lugha yetu imejaa m na n na u na i kuliko lugha walizozifikiria wachoraji hawa, tumelipokea janga bila ya kofia. Andikeni vilevile "tunakukaribisha." Ni herufi 15 pasipo nafasi ya kupumua, na k mbili ambazo katika chapa nyingi hufanana na h. Mstari wa Kiingereza hukatika kila baada ya herufi nne au tano, na mwandiko wa duara ulizaliwa kwa maneno hayo mafupi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na tendo ndani ya uzi mmoja, nao uzi ukiwa na pambo kila baada ya hatua, msomaji huchoka kabla ya kufika kwenye tendo. Huku wametujalia Q na X zilizorembwa kama taji, ambazo hatuna pa kuzivaa.

Na ng'? Atakayepeleka kadi ya kipaimara Kibong'oto ataona kile kikoma cha juu kimeelea angani peke yake kama inzi aliyetua juu ya karatasi, maana mchoraji alikiweka kwa ajili ya Kiingereza, mahali ambapo herufi iliyoachwa huacha pengo. Kwetu hakuna kilichoachwa. Kikoma hicho ni sehemu ya sauti, na Kibong'oto bila ya hicho ni mahali pengine.

Kuna mambo mengine ya kazi ambayo nayataja kwa haraka, kwa ajili ya vijana niliowaona wameketi nyuma. Msiandike neno zima kwa herufi kubwa za mwandiko wa kuunga. HARUSI ikiandikwa hivyo huwa kichaka, kwa kuwa kila herufi kubwa ilichorwa kuwa mwanzo, na mianzo sita haiwezi kukaa pamoja. Msizitenge herufi ili kulijaza pengo, maana zilishikana mikono, nanyi mnaikata. Msipige nyuzi nyembamba kwa rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya maziwa. Na kwa kuwa kadi nyingi siku hizi hazipigwi kabisa bali hutumwa kama picha kwa simu, kumbukeni kwamba picha hubanwa njiani, na kinachomezwa kwanza ni uzi, yaani kile kistari kinachotenga T na F.

Lakini nisiwe mzee wa kukataza tu. Kadi ninayoipenda huandika majina mawili ya maharusi kwa mwandiko wa madaha, makubwa, yenye nafasi ya kutosha pande zote kama watu waliovaa vizuri wanavyopewa nafasi mlangoni, na yaliyobaki yote, "kwa heshima na taadhima," siku, saa, kanisa na ukumbi, kwa herufi zilizosimama wima, zisizojifanya kitu. Hapo madaha hufanya kazi yake, ambayo ni kuonyesha kwamba siku hii si kama siku nyingine.

Mahali pamoja katika kadi zetu hunigusa kila mara, nami nashangaa kwamba hakuna mdizaini aliyepata kupafikiri. Ni ule mstari wa nukta, ambapo katibu wa kamati ya harusi hujaza jina la mwalikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, usiku, akiwa na kadi 200 mbele yake, na pembeni huweka alama kama mtu aje singo au dabo. Juu ya mstari huo mkono wa kweli hukutana na mkono wa uongo. Chapa imelala kwa nyuzi 55 ikijionyesha. Mwandiko wa katibu umesimama, umechoka, na mara nyingine umekosea jina na kulisahihisha. Mwalikwa husoma upi kwanza? Nimeuliza watu wengi, na wote wamenijibu kwamba hulitafuta jina lao. Basi yafaa mstari huo uwe mrefu, uwe na nafasi juu yake, na karatasi isiwe ya kung'aa inayoukataa wino. Mambo matatu madogo ambayo hayagharimu kitu, na ambayo katika kadi kumi huyapati hata katika tatu.

Nimebakiwa na jambo moja. Chapa zote nilizozitaja zilichorwa na watu waliokuwa na mkono fulani mbele yao: Carter alikuwa na Snell, Excoffon alikuwa na mwandiko wake, Zapf alikuwa na daftari lake la ujana. Sisi tuna mikono mingi iliyolala ndani ya masanduku ya wazee Mlimani: daftari za vyama vya msingi, vitabu vya ubatizo, barua za waliokwenda vitani na waliokwenda Nairobi kutafuta kazi. Programu za kuchora fonti zipo, na nyingine, kama FontForge, ni za bure. Kijana mwenye skana na subira ya miezi kadhaa anaweza kuchukua mwandiko wa karani mmoja, akachora herufi 24 tu ndogo na kubwa, kwani q na x hatuna haja nazo, akaifanya ng' iwe umbo moja lisilotengana, akaitia u tofauti ndogo na n kama walivyofanya wale Wajerumani, akaanza kazi yake yote kwa kuichora M. Si lazima iwe nzuri kuliko ya Bickham. Ijaribiwe tu kwa Munisi, Tarimo, Lyimo, Nkya, Shayo na Swai, kisha apelekewe mzee kibarazani, mbali na taa.

Nimelileta daftari la baba yangu, la msimu wa kahawa wa mwaka 1952. Lipo hapa mezani, ndani ya kitambaa cheupe. Anayetaka kulitazama na aje baada ya kikao, na anayetaka kulipiga picha kwa kazi hiyo niliyoitaja ana ruhusa yangu. Ila naomba vidole viwe vikavu, kwa sababu wino ule ni wa unga, tulioukoroga wenyewe kwa maji ya mfereji, na bado hutoka.